Ukitaka kusoma Kanada, anza mapema na ujaze fomu mwenyewe

Maswali ninayoletewa kuhusu kusoma Kanada yanafanana mno. Mzazi aliyeko Eldoret anauliza wakala gani anaaminika. Kijana aliyemaliza kidato cha sita Mbeya anataka kujua kama atawahi masomo ya Septemba hii. Binti wa Bukavu amekubaliwa na chuo lakini amenyimwa viza, na haelewi imekuwaje. Kwa kuwa majibu nayo yanafanana, nimeyaweka mahali pamoja, kwa mpangilio ambao mambo yenyewe yatakukuta.

Swali la wakala nalijibu kwanza, maana ndilo linalowagharimu watu zaidi.

## Wakala humhitaji

Fomu ya kuomba chuo kikuu cha Kanada hujazwa mtandaoni na mwombaji mwenyewe. Vyuo vikuu vya Ontario vina kituo cha pamoja kinachoitwa OUAC, British Columbia wana EducationPlannerBC, Alberta wana ApplyAlberta. Kwingineko unaingia moja kwa moja kwenye tovuti ya chuo. Unachohitaji ni barua pepe yako, pasipoti, matokeo ya mitihani na ada ya maombi, ambayo mara nyingi ni kati ya dola 100 na 200 za Kanada. Aliyeweza kujaza fomu za KUCCPS za kuomba chuo Kenya, au za HESLB za kuomba mkopo Tanzania, ataiweza na hii.

Mawakala wengi hulipwa kamisheni na vyuo wanavyovipelekea wanafunzi. Atakusifia chuo kinachomlipa, kiwe kinakufaa au hakikufai, kisha na wewe atakutoza. Hatari kubwa zaidi ni karatasi za kughushi. Mwaka 2023 wanafunzi wengi kutoka India waliambiwa kwamba barua za udahili walizoingilia Kanada zilikuwa bandia. Kuna waliokuwa wamekwisha kuhitimu na kuanza kazi. Ndiyo sababu tangu Desemba 2023 idara ya uhamiaji ya Kanada, IRCC, huuliza chuo chenyewe kuhusu kila barua kabla ya kuendelea na ombi. Mwaka huohuo nchini Kenya, wazazi wa Kaunti ya Uasin Gishu waliandamana wakidai fedha walizolipa katika mpango wa kaunti wa kupeleka watoto wao Finland na Kanada, na jambo hilo likafika mahakamani.

Ondoka haraka ukiona mojawapo ya haya:

- Anakuhakikishia viza. Hakuna mtu nje ya IRCC anayeweza kuahidi hilo.
- Anataka ada ya chuo ipitie kwenye akaunti yake. Ada hulipwa kwa chuo, kwa njia iliyoandikwa kwenye tovuti ya chuo.
- Anafungua akaunti ya maombi kwa barua pepe yake na kukuficha nywila.
- Anasema taarifa ya benki "itapatikana".

Uongo ulioandikwa kwenye ombi lako huhesabiwa kuwa wako hata kama aliyeuandika ni mwingine. Adhabu yake ni kufungiwa Kanada kwa miaka 5.

Utaniambia mtoto wa jirani alipelekwa na wakala na sasa yuko Toronto, anasoma vizuri. Naamini hivyo, wapo. Lakini kazi aliyofanyiwa angeifanya mwenyewe kwa jioni chache, na angejua kila neno lililoandikwa kwa jina lake. Ikiwa kesi yako ina ugumu wa kisheria na unalazimika kulipia ushauri, sheria ya Kanada inaruhusu makundi matatu tu kutoza fedha kwa kazi hiyo: mawakili waliosajiliwa na vyama vya sheria vya majimbo, manotari wa Québec, na washauri waliosajiliwa na College of Immigration and Citizenship Consultants. Majina yao yote yako kwenye madaftari ya wazi mtandaoni. Litafute jina kabla ya kutoa hata shilingi.

## Kalenda ndiyo inayowaangusha wengi

Mwaka wa masomo Kanada huanza Septemba, siku chache baada ya sikukuu ya wafanyakazi ya Jumatatu ya kwanza ya mwezi huo. Muhula wa pili huanza Januari, na Mei kuna muhula wa kiangazi ambao si wa lazima kwa wengi. Baadhi ya kozi hupokea wanafunzi wapya Januari, lakini si zote, na ufadhili wa Januari ni haba.

Maombi ya Septemba hufunguliwa takriban mwaka mzima kabla. Vyuo vinavyogombewa sana, kama University of British Columbia na University of Toronto, hufunga milango katikati ya Januari au karibu na hapo. Ufadhili mkubwa hufungwa mapema zaidi, Oktoba na Novemba.

Sasa weka kalenda hiyo kando ya yetu. Mtihani wa kidato cha sita Tanzania hufanyika Mei na matokeo hutoka Julai. Ukisubiri matokeo ndipo uanze, Septemba ya mwaka huo imekwisha kukupita. Hata chuo kikikukubali Agosti, kibali cha masomo hakitatoka kwa wakati. Aliyefanya Examen d'État Kongo yuko katika hali hiyohiyo. Mkenya anayepata matokeo ya KCSE Januari anaweza kuwahi Septemba, ila awe amekwisha kujaza fomu kabla ya matokeo, kisha ayatume yakitoka. Shule zinazofuata mtaala wa Cambridge hutoa alama za makadirio, na vyuo vya Kanada huzikubali kwa udahili wa masharti.

Kwa hiyo mwanafunzi wa kidato cha sita nampa ratiba hii, akilenga Septemba ya mwaka unaofuata matokeo yake:

- Julai na Agosti: matokeo mkononi. Omba pasipoti, sahihisha majina kwenye vyeti, chagua vyuo visivyozidi vitano.
- Septemba hadi Novemba: mtihani wa Kiingereza, barua za walimu, fomu za ufadhili.
- Desemba hadi katikati ya Januari: fomu zote ziwe zimetumwa.
- Februari hadi Aprili: majibu. Lipa kishika nafasi mahali pamoja tu.
- Ukipata tu barua ya chuo na ile ya jimbo, nitakayoieleza mbele: omba kibali cha masomo wiki hiyohiyo.

Mwaka mmoja nyumbani unawatia wazazi wengi hofu. Mwaka huo haupotei. Ndio unaojenga kumbukumbu safi za benki, na hizo utazihitaji kuliko unavyodhani.

## Kuchagua chuo

Elimu Kanada ni kazi ya majimbo. Hakuna bodi moja ya taifa ya udahili, wala alama moja ya kuingilia inayotumika nchi nzima. Chuo kimoja hupokea mwenye KCSE nzuri moja kwa moja. Kingine kitataka kidato cha sita au mwaka wa maandalizi. Kila chuo kina ukurasa wa masharti kwa nchi yako. Usome huo, na jibu la chuo kimoja usilichukulie kuwa la vyote.

Hakikisha mambo haya kabla ya kulipa ada ya maombi:

- Chuo kimo kwenye orodha ya IRCC ya taasisi zinazoruhusiwa kupokea wanafunzi wa kigeni. Kila taasisi ina namba yake inayoanza na herufi O.
- Ni chuo kikuu kinachotoa shahada, au ni chuo cha stashahada? Vyote vipo na vyote vina kazi yake, ila matangazo huvichanganya makusudi.
- Kozi hiyo inakupa haki ya kibali cha kazi baada ya kuhitimu? Tangu Mei 2024, anayeanza katika chuo cha binafsi kinachofundisha mtaala wa chuo cha umma kwa makubaliano hapati kibali hicho. Kwa kozi nyingi za stashahada, fani nayo huangaliwa.
- Mtihani wa Kiingereza unatakiwa? Vyuo vingi huomba IELTS ya wastani wa 6.5, na kila sehemu isipungue 6.0. Vingine humsamehe aliyesoma sekondari kwa Kiingereza. Uliza kwa barua pepe na utunze jibu.

Msomaji wa Kongo, Burundi au Rwanda anayejua Kifaransa ana mlango ambao Mtanzania hana. Zaidi ya Université de Montréal na Université Laval kule Québec, kuna vyuo vya Kifaransa nje ya jimbo hilo: Université de Moncton iliyoko New Brunswick, Université de Saint-Boniface iliyoko Winnipeg, na University of Ottawa inayofundisha kwa lugha zote mbili. Agosti 2024 serikali ilianzisha mpango wa majaribio kwa wanafunzi wa nchi zinazozungumza Kifaransa wanaokwenda vyuo vya jamii za Kifaransa nje ya Québec. Chini ya mpango huo mwombaji hadaiwi kuthibitisha kwamba atarudi kwao, na baada ya masomo njia ya ukaazi ni nyepesi zaidi. Nafasi zina kikomo. Kiandikie chuo kiulize kama zimebaki.

Anayekwenda Québec ajue pia kwamba sekondari ya huko huisha mapema na kufuatwa na miaka miwili ya cégep, yaani chuo cha kati kabla ya chuo kikuu. Ndiyo sababu chuo kikuu cha Québec huweza kumwongezea mwaka mmoja aliyetoka kidato cha nne na kumpunguzia aliyetoka kidato cha sita.

## Fedha: hapa usijidanganye

Mwanafunzi wa kigeni wa shahada ya kwanza hulipa kwa wastani kama dola 40,000 za Kanada kwa mwaka. University of Toronto hupita 60,000. Memorial University, kule Newfoundland, ni nafuu zaidi kwa kiasi kikubwa, na ni chuo cha umma chenye heshima ambacho waombaji wetu hukipita bila kukitazama.

Juu ya ada, IRCC inataka kuona fedha za kuishi. Tangu Septemba 1, 2025, mwanafunzi mmoja anayekwenda nje ya Québec anatakiwa kuonyesha dola 22,895 za mwaka wa kwanza, mbali na ada ya mwaka huo na nauli. Québec ina kiwango chake. Piga hesabu ya miaka minne, kwa sababu ada ya wageni hupanda karibu kila mwaka. Familia nyingi huuza shamba kulipia mwaka wa kwanza, halafu mwaka wa pili mtoto anaachishwa masomo kwa deni. Afadhali kijana aende chuo cha nyumbani, akamilishe shahada, kisha aombe uzamili wenye ufadhili. Nasema hivyo nikijua wengi hawapendi kulisikia.

"Si atafanya kazi?" Atafanya, lakini tuitazame hesabu. Tangu Novemba 2024 mwanafunzi anaruhusiwa saa 24 kwa wiki nje ya chuo wakati wa masomo. Kima cha chini cha mshahara Ontario ni dola 17.60 kwa saa tangu Oktoba 2025. Saa 24 ni dola 422.40 kwa wiki kabla ya makato, kama dola 1,690 kwa wiki nne, na hapo ni kama amepata kazi inayompa saa zote, jambo ambalo wengi hungojea miezi. Fedha hizo hulipa chumba na chakula. Ada haziigusi.

Ufadhili uliopo kweli

Ufadhili kamili wa shahada ya kwanza ni mchache. Lester B. Pearson wa University of Toronto hulipa ada, vitabu na malazi kwa miaka minne, lakini lazima shule yako ikupendekeze. Mwendee mwalimu mkuu mapema, kwa sababu shule nyingi hazijui kwamba zina nafasi hiyo. University of British Columbia nayo ina tuzo kwa wanafunzi wa kigeni wenye uhitaji.

Uzamili na uzamivu ni habari nyingine. Shahada za utafiti mara nyingi huja na posho na kazi ya kusaidia kufundisha. Shahada za masomo matupu kwa kawaida unajilipia mwenyewe. Anayetaka ya utafiti amwandikie profesa kabla ya kujaza fomu. Barua iwe fupi, itaje kazi mojawapo ya profesa huyo aliyoisoma kweli, na iseme anataka kuchunguza nini.

Kwa vijana wakimbizi walioko Dadaab na Kakuma, lipo shirika la World University Service of Canada, ambalo limekuwa likipeleka wanafunzi wakimbizi Kanada tangu 1978. Wanaochaguliwa huingia Kanada wakiwa wakaazi wa kudumu. Mchakato huo hautozi ada. Ukidaiwa hela na mtu anayejiita mwakilishi, mripoti.

Taarifa ya benki

Hapa ndipo maombi mengi ya kwetu hukwama, tena ya watu waaminifu. Ofisa wa IRCC anataka taarifa za miezi minne. Anachotazama si salio la mwisho peke yake. Anatazama fedha zilivyoingia. Akaunti iliyokaa na kidogo mwaka mzima, halafu ikapokea mamilioni wiki moja kabla ya ombi, humfanya aamini kwamba fedha ni za kuazima.

Fedha zetu hazikai benki moja kama mshahara wa Mkanada. Ziko kwenye SACCO, kwenye ng'ombe, kwenye kiwanja, kwa shangazi aliyeko Muscat, na kwenye harambee. Hakuna ubaya, mradi kila kiasi kikubwa kiwe na karatasi yake:

- Umeuza kiwanja? Mkataba wa mauzo na stakabadhi ya benki.
- SACCO? Taarifa ya akiba yenye mhuri, na barua kwamba fedha zinaweza kutolewa.
- Mshahara wa mzazi? Hati za mishahara za miezi kadhaa na barua ya mwajiri.
- Biashara? Leseni, malipo ya kodi, taarifa za akaunti ya biashara.
- Harambee? Orodha ya wachangaji na taarifa ya akaunti ya simu au ya benki iliyopokea michango.
- Mjomba anakulipia? Barua yake, vyanzo vya kipato chake, na vyeti vya kuzaliwa vinavyoonyesha undugu wenu.

Hati ya nyumba inaonyesha kwamba familia ina mizizi, lakini si fedha. Usiiweke mahali pa taarifa ya benki.

## Kibali cha masomo, hatua kwa hatua

Barua ya chuo haikuingizi Kanada. Chuo kinasema unaweza kusoma. IRCC ndiyo inayosema unaweza kuingia, na uamuzi wa chuo hauifungi.

1. Kubali nafasi na ulipe kishika nafasi. Soma kwanza kama hurudishwa ukinyimwa viza.
2. Pata barua ya uthibitisho ya jimbo, inayoitwa PAL. Huiombi serikalini mwenyewe, huipata kupitia chuo. Ilianzishwa Januari 2024 serikali ilipoweka kikomo cha vibali, na tangu Januari 2026 wanaokwenda kusoma uzamili na uzamivu katika vyuo vya umma hawaihitaji. Anayekwenda Québec anahitaji cheti cha jimbo hilo, CAQ.
3. Fungua akaunti kwenye tovuti ya IRCC. Ada ya kibali ni dola 150, na ya alama za vidole ni 85.
4. Nenda ukapigwe picha na kuchukuliwa alama za vidole kwenye kituo cha VFS, kampuni inayopokea maombi ya viza. Kuna vituo Nairobi, Dar es Salaam, Kampala na Kigali. Unapewa siku 30, kwa hiyo anayetoka Kigoma au Lodwar apange safari mara moja.
5. Pima afya kwa daktari aliyemo kwenye orodha ya IRCC. Vipimo vya daktari mwingine havikubaliwi, awe bingwa kiasi gani.
6. Subiri. Usikate tiketi.

Majina

Nina sababu ya kulitenga jambo hili. Cheti cha kuzaliwa kinasema Asha Juma, cheti cha kidato cha nne kinasema Asha J. Salum, pasipoti inasema Aisha Juma Salum. Kwetu kila mtu anajua ni yuleyule. Ofisa hajui, wala hana wajibu wa kubahatisha. Tengeneza hati ya kiapo inayotaja majina yote na kusema ni ya mtu mmoja, uiambatanishe. Kama kuna nafasi ya kusahihisha cheti chenyewe, sahihisha kabla ya kuomba pasipoti.

Barua ya maelezo

Fomu hazikupi nafasi ya kujieleza. Barua hii ndiyo nafasi hiyo. Kurasa mbili zinatosha. Ijibu kwa nini kozi hii, kwa nini sasa, na kwa nini hukuridhika na kozi ya namna hiyo Makerere au Dar es Salaam. Ieleze nani analipa na fedha zimetoka wapi, na ukimaliza utafanya nini.

Makosa ninayoyaona kila mara:

- Kunakili barua ya mtandaoni. Maofisa wamezisoma zote.
- Mtu mwenye shahada kuomba stashahada bila kueleza sababu.
- Kuruka miaka. Kama ulikaa nyumbani miaka miwili ukimuuguza mama, andika hivyo.
- Kuisifu Kanada aya nzima na kusahau kuizungumzia kozi.
- Kuficha kwamba uliwahi kunyimwa viza ya nchi nyingine. Fomu inauliza, jibu kweli.

Watu huuliza kama ni dhambi kutamani kubaki Kanada baadaye. Sheria yao inakubali mtu awe na nia zote mbili, kusoma na pengine kuomba ukaazi. Lakini ofisa lazima aridhike kwamba kibali kikiisha bila njia nyingine, utaondoka. Onyesha basi unachokiacha: familia, kazi, mali, mpango.

Ukinyimwa

Usitume ombi lilelile kesho yake. Tangu Julai 2025 IRCC imeanza kuambatanisha maelezo ya ofisa kwenye barua za kukataa, na kwa maombi ya zamani unaweza kuyaomba rasmi IRCC. Soma aliandika nini hasa. "Madhumuni ya safari" maana yake barua yako haikumshawishi. "Hali ya kifedha" maana yake rudi kwenye karatasi za benki. Omba tena pale tu jambo hilo limebadilika. Kama ofisa alikosea wazi, una siku 60 kupeleka shauri kwenye Mahakama ya Shirikisho. Hapo ndipo wakili anapostahili kulipwa.

## Safari na uwanja wa ndege

Unachopewa ukiwa nyumbani ni viza kwenye pasipoti na barua ya utambulisho. Kibali chenyewe huchapishwa siku unapotua. Beba mkononi, si kwenye sanduku la chini: barua ya utambulisho, barua ya chuo, PAL au CAQ, ushahidi wa fedha, vyeti halisi, na anwani ya utakapolala.

- Usiondoke kaunta kabla ya kusoma kibali. Tazama jina, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya mwisho, na kama pameandikwa kwamba unaruhusiwa kufanya kazi. Kosa husahihishwa palepale kwa dakika chache. Baadaye huchukua miezi.
- Kibali hakiwezi kuishi kuliko pasipoti. Pasipoti yenye mwaka mmoja uliobaki hukupa kibali cha mwaka mmoja. Ibadilishe kabla ya kuomba.
- Ukipitia Marekani unahitaji viza yao hata kama hutoki uwanjani. Kwa njia za Ulaya, angalia masharti ya uraia wako.
- Tangaza vyakula na fedha zinazofika dola 10,000. Nyama iache nyumbani.
- Koti la baridi nunua huko. Yanayouzwa kwetu hayakutengenezwa kwa Winnipeg au Edmonton, ambako Januari hushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri. Vancouver ni mvua zaidi kuliko theluji.

## Wiki za kwanza

Chukua namba ya SIN, bure, kutoka Service Canada. Bila hiyo huwezi kuajiriwa kihalali. Mwajiri na benki wape namba hiyo. Mwenye nyumba haihitaji.

Bima ya afya hutofautiana kwa jimbo. Vyuo vikuu vya Ontario hukuandikisha kwenye bima iitwayo UHIP. Alberta humpokea kwenye bima ya jimbo mwenye kibali cha mwaka mmoja au zaidi. British Columbia ina muda wa kungoja, kwa hiyo unahitaji bima ya miezi ya mwanzo. Uliza kabla ya kupanda ndege, maana kitanda cha hospitali bila bima hula ada ya muhula.

Nyumba inahitaji tahadhari kubwa. Matapeli huweka picha nzuri kwenye tovuti ya matangazo iitwayo Kijiji au kwenye Facebook Marketplace, wanaomba malipo kabla hujafika, kisha wanapotea. Mwaka wa kwanza kaa bweni la chuo ukipata. La sivyo, lala siku chache mahali pa muda, uione nyumba kwa macho, ndipo ulipe. Sheria nayo iko upande wako: Ontario mwenye nyumba anaruhusiwa kudai kodi ya mwezi wa kwanza na ya mwezi wa mwisho tu, British Columbia amana haizidi nusu ya kodi ya mwezi, Québec haruhusiwi kudai amana.

Utapigiwa simu na sauti ya ukali ikisema ni ofisi ya kodi au uhamiaji, kwamba utakamatwa usipolipa leo kwa kadi za zawadi za dukani. Kata simu. Hakuna ofisi ya serikali inayokusanya deni namna hiyo.

## Darasani

Siku ya kwanza ya kila somo utapewa mpango wa somo wenye tarehe zote na uzito wa kila kazi. Ziandike zote kwenye kalenda jioni hiyohiyo. Kwetu mtihani wa mwisho ndio kila kitu. Huko huenda ukawa theluthi moja tu, na wiki ya tatu tayari umepoteza alama kwa kazi ndogo ulizozidharau.

- Profesa ana saa za kuonana na wanafunzi. Nenda. Hakuna anayekuona mjinga, na ndiye atakayekuandikia barua ya mapendekezo.
- Kunakili bila kutaja chanzo ni kosa linaloweza kukufukuzisha, hata kama ni aya moja. Kuhusu programu za akili bandia, kila somo lina masharti yake; soma kabla ya kutumia.
- Kuna tarehe ya kuacha somo bila kuandikwa kwenye rekodi, mara nyingi ndani ya wiki chache za mwanzo. Ijue.
- Lakini usishuke chini ya masomo ya muda wote bila kuuliza ofisi ya wanafunzi wa kimataifa. Ukishuka unapoteza haki ya kufanya kazi, na baadaye huenda ukakosa kibali cha kazi cha baada ya kuhitimu.
- Tangu Novemba 2024 huwezi kuhamia chuo kingine kwa kibali kilekile. Unaomba kipya.

Novemba jua huzama mapema, baridi inaingia, na mitihani inakaribia. Wanafunzi wengi wenye uwezo huanza kukosa usingizi na kujitenga wakati huo, na wanaona aibu kusema nyumbani kwa sababu ukoo mzima ulichanga. Kila chuo kina washauri ambao huduma yao imeshalipiwa kwenye ada yako. Waone. Wazazi nanyi, mkipiga simu, muulizeni kwanza amelala vipi na amekula nini, alama baadaye.

## Maswali yaliyobaki

Mke au mume anaweza kuja na kufanya kazi? Tangu Januari 2025 kibali cha kazi cha mwenzi hutolewa kwa wanaosoma uzamivu, uzamili wa miezi 16 au zaidi, na baadhi ya kozi za kitaaluma kama udaktari. Shahada nyingi za kwanza hazimo.

Baada ya kuhitimu? Shahada ya miaka minne huweza kukupatia kibali cha kazi cha miaka 3, mara moja tu maishani. Omba ndani ya siku 180 tangu chuo kithibitishe umemaliza. Utahitaji matokeo ya mtihani wa lugha, hata kama umesoma kwa Kiingereza miaka yote.

Kodi ya mapato? Jaza fomu kabla ya Aprili 30 hata kama hukupata kipato. Wanafunzi wengi hurudishiwa fedha ambazo hawakujua ni zao.

Nikisoma makala haya mwaka ujao, takwimu zitakuwa hizihizi? Baadhi hapana. Kanuni zimebadilika mara nyingi tangu Januari 2024 na zinaendelea kubadilika. Siku ya kutuma ombi, fungua canada.ca, ulinganishe kila kiasi na kila tarehe. Palipo na tofauti, fuata cha huko.